Mwimbaji wa Kichina Kwenye Spika za Kanisa

Niseme ujinga wangu mapema, kabla hujausikia kwa watu wa kanisani kwetu ambao kila mwaka huuongezea chumvi: nikiwa na miaka tisa, kwenye ibada ya kumkumbuka mjomba wangu marehemu, mbele ya kwaya tatu na mchungaji mgeni, nilipenya nyuma ya mashine ya sauti, nikaingiza CD ya mwanamke wa Kichina, nikapandisha sauti mpaka mwisho. Sikutaka kumvunjia mtu heshima. Nilitaka kumpa mjomba zawadi. Kuna mambo mtoto anayaharibu kwa utundu, na upande huo nina rekodi nzuri, waulize walimu. Lakini siku ile niliharibu kwa upendo, na takataka za upendo ni ngumu kufagia.

Yamenirudia wiki iliyopita, shuleni, katika chumba cha kubadilishia nguo. Mwenzetu mmoja wa timu aliteguka kifundo cha mguu, kocha akatoa kikopo kidogo cha dawa ya kuchua, ile ya Kichina inayopanda puani na kushuka kooni. Wenzangu wakaziba pua, wakaanza kumtukana kocha kwa adabu. Mimi nilibaki na soksi moja mkononi, nimefumba macho kama mtu anayesali. Mwili ulikuwa pale, na pua ilishafika mji wa Coon Rapids.

Mama alikuwa akifanya kazi huko kwenye nyumba ya wazee: kuwaogesha, kuwavisha, kuwageuza kitandani, kuwasikiliza wakimwita kwa majina ya mabinti zao. Jumamosi hapakuwa na wa kuniachia, kwa hiyo alinibeba. Sheria ilikataza watoto wa wafanyakazi, na msimamizi alisema yeye hajaniona. Aliendelea kutoniona kila Jumamosi kwa majira mawili ya baridi, na siku nyingine, katika kule kutoniona, aliniletea keki.

Tulitoka nyumbani, Saint Paul, jua likiwa bado linafikiria kama liamke au liache. Gari letu lilikuwa na hita iliyompenda dereva peke yake. Upande wangu ilitoa pumzi kama ya mzee anayepuliza chai. Ndipo mama alipoimba. Wimbo ulikuwa mmoja tu, polepole, kwa sauti ya chini, na alipoimba kioo cha upande wangu kilianza kuota ukungu. Nje theluji ilipita, mabango yakapita, mto ukapita chini yetu ukiwa mweupe na umelala, na mimi nikaandika jina langu kwenye ukungu ule, nikaamini kwamba wimbo ndio uliokuwa ukitoa joto. Hakuna aliyeniambia kuwa ni pumzi tu.

*Mto umefurika, Bwana, na mtumbwi sina,*
*nisimamie ukingoni hata maji yapungue.*

Ulikuwa wimbo wa Mjomba Enoki, kaka mkubwa wa mama. Alikuwa mwalimu wa kwaya kule Kongo, kisha kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, na huko huko kambini akafa, mimi nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Hatuna picha yake. Kaburi lake lipo, lakini tangu tupande ndege mama hajui kama kuna mtu anayelipalilia. Shati lake lilivaliwa na watu watatu mpaka likaisha. Kilichobaki ni ule wimbo, na mama aliushika kama watu wengine wanavyoshika hati ya nyumba.

Mwaka ule kwaya yetu ilikuwa ikirekodi CD yake ya kwanza. Kama hujawahi kukaa kanisa la Wakongo, ujue kwamba kwaya kwetu ina rais, makamu wa rais, katibu na mshauri, kama nchi, na mara nyingine ina mapinduzi. Rais alikuwa Papa Simeoni, mwanamume mrefu aliyevaa tai hata akija kwetu kula. Mama alimfuata baada ya mazoezi, mimi nikiwa nimeshikwa mkono ili nisiguse ngoma.

“Papa Simeoni, kwenye karatasi ya CD, pale kwenye ule wimbo, uandike jina la kaka yangu.”

“Mama Shukuru, kwaya ni ya wote. Tukianza kuandika majina, kila mtu ataleta marehemu wake.”

“Mie naleta mmoja tu.”

Papa Simeoni akanyoosha tai yake iliyokuwa imenyooka. “Bon, sawa. Siku ya kumbukumbu watu wa zamani wa kambi watakuwepo. Wakisimama washuhudie kwamba Enoki ndiye aliyeutunga, naandika.”

Njiani kurudi mama alitabasamu peke yake mpaka nyumbani. Nilimuuliza kwa Kiingereza, kwa maana wakati ule ndivyo nilivyojibu kila kitu, kwa nini jina kwenye karatasi ni jambo kubwa hivyo. Akasema jina la Enoki liliandikwa mara mbili tu maishani mwake: kwenye kadi ya mgao wa unga, na kwenye kipande cha ubao juu ya kaburi. Ubao ule, akasema, labda mchwa wameshausoma wote.

Sasa twende kwa Bibi Mei, Mchina, mmoja wa wale wazee.

Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, na ulikinusa kabla hujakifikia. Alijichua magoti kwa dawa ile asubuhi na jioni, na hewa ya mlangoni ilikuwa kali na baridi na tamu kwa wakati mmoja, kama kula peremende ndani ya friji. Mama alipoingia kumhudumia alikuwa akisimama kidogo kizingitini na kuvuta pumzi. Nilidhani anapumzisha mgongo. Bibi Mei alikuwa mdogo kiasi kwamba kiti kilionekana kimemmeza miguu. Kiingereza chake kilikuwa cha vipande, changu kilikuwa cha katuni, tukaelewana vizuri kuliko watu wengi. Nilimfundisha kuiga sauti ya bata. Alinifundisha kudanganya kwenye karata. Hiyo nasema wazi, alinifundisha yeye.

Jumamosi moja, theluji ikianguka polepole kama mtu anayepepeta unga akiwa na usingizi, Bibi Mei aliweka CD. Sauti ya mwanamke ikatoka. Sijui niielezeje. Wanawake wa kanisani kwetu wanapoimba, sauti inatafuta ukuta wa mbali iugonge. Huyu hakutafuta kitu. Aliimba kama amekaa kitandani kwako wakati una homa, anakuambia jambo moja ambalo haliwahusu wengine. Nyuma yake vinanda vilitiririka. Nilisinzia. Wimbo wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tatu macho yakafunguka yenyewe.

Ulikuwa wimbo wa Mjomba Enoki.

Ulikwenda haraka kidogo, umevaa nguo nyingine, lakini ulikuwa ule ule. Mahali pa kupanda ulipanda. Pale ambapo mama huvuta neno *ukingoni* mpaka likaribie kukatika, na yule mwanamke akavuta.

“Huyu nani?” nikauliza.

“Mwimbaji. Zamani. China yote inamjua.”

“Anaimba wimbo wa mjomba wangu.”

Bibi Mei akanitazama kwa makini. “Mjomba wako Mchina?”

“Mkongo.”

“Ah,” akasema, kama vile hilo limemaliza shaka zote.

Nilikaa pale nimeduwaa kwa fahari. Sikufikiria hata mara moja kwamba mambo yangeweza kuwa kinyume. Mjomba alikuwa ametunga wimbo mzuri mno, ukatoka kambini bila ruhusa, ukapita uwanja wa ndege bila kuvua viatu, ukaenda mpaka China, mwanamke maarufu akausikia, akauimba. Niliuona kabisa ukitembea, wimbo mzima, umevaa koti la mtumba lililozidi mikono, ukiuliza njia. Nikafikiria vile Papa Simeoni angeona haya. Watu wa zamani wa kambi wa nini? Mimi nilikuwa na shahidi ambaye China yote inamjua.

Nikamwomba Bibi Mei aniazime CD. Akaitoa, akaifuta kwa kiwiko cha sweta, akanionya kwa kidole kimoja: Jumamosi irudi. Mama sikumwambia. Zawadi haitangazwi.

Siku ya kumbukumbu ikafika. Tulikuwa tukisali kwenye besmenti, ukumbi wa chini wa kanisa la Wazungu, saa zao zikiisha zinaanza zetu, na zetu haziishi. Harufu ya kahawa yao ilikuwa bado haijatoka na harufu ya sombe yetu, majani ya muhogo, ilishaingia. Mama alivaa kitenge cha bluu alichokuwa amekihifadhi kwenye mfuko wa nailoni. Alisimama mbele, akasema maneno anayoyasema kila mwaka: kwamba kaka yake aliutunga wimbo huu kwa kichwa chake, bila kitabu, bila kinanda, akiwa kijana. Kisha mzee mmoja wa kambi akasimama akasema nashuhudia. Mama mmoja naye akasimama akasema nashuhudia. Kwaya ikaimba. Mama aliimba macho yamefumba, na nilimwona ni mdogo, binti wa mtu, jambo ambalo lilinishangaza sana.

Papa Simeoni akachukua kipaza sauti. “Bon. Tumesikia mashahidi. Kabla sijaandika, kuna mtu mwingine mwenye neno?”

Sasa niambie, mtu mzima anauliza swali mbele za Mungu, mtoto mwenye jibu afanye nini?

Vinanda vikajaza besmenti. Watu wakageuka. Wengine wakatabasamu, wakidhani mashine ya sauti imekosea kama kawaida yake. Nilikuwa nimechagua wimbo wa tatu. Yule mwanamke akaanza, na kwa muda kidogo ilikuwa kama nilivyoota: akina mama wazee wakaanza kuitikia bila kujua wanaitikia nini, na jamaa wa sauti ya nne akaingia mahali pake, mguu ukipiga sakafu. Halafu mmoja akanyamaza. Halafu wote.

Papa Simeoni akaja nyuma ya mashine, akachukua gamba la CD. Juu yake palikuwa na mwanamke mwenye nywele za mawimbi na nguo ya zamani sana.

“Shukuru, huyu mama aliimba hii lini?”

“Zamani kabisa,” nikasema, nimejaa sifa kama mpira. “Bibi Mei alikuwa akiisikiliza kabla binti yake hajazaliwa. Na binti yake ana mvi.”

Papa Simeoni akahesabu kichwani. Nilimwona anahesabu. “Donc, basi,” akasema polepole, na kipaza sauti kilikuwa bado kiko mkononi, “Enoki alikuwa bado hajaota meno.”

Mtu mmoja nyuma akacheka. Hakuwa mtu mbaya, nadhani alishindwa tu kujizuia. Kisha wakacheka wengi. Mama akaja, akabonyeza kitufe, akatoa CD, akairudisha ndani ya gamba lake kwa vidole viwili, taratibu, kama anavyowafunga vifungo wale wazee. Akaenda kukaa. Hakuniangalia. Ningependa zaidi kofi. Kofi lina mwisho.

Tukarudi nyumbani. Hita ilipuliza upande wake. Kioo changu kilibaki safi njia nzima, na niliona kila kitu: taa, theluji chafu ya pembeni, watu ndani ya magari yao wakiongea. Sikuwa nimejua kwamba barabara ile ni ndefu hivyo.

Wiki nzima mama hakuimba. Aliosha vyombo bila kuimba. Nilijaribu kuiga sauti ya bata, ambayo haijawahi kunitupa, ikanitupa. Usiku mmoja, kabla sijalala, nilimwambia pole, na kwa mara ya kwanza nilisema kwa Kiswahili. Akavuta blanketi langu mpaka kidevuni, akasema, “Lala, Shukuru.” Ndivyo tu.

Jumamosi alinishika mkono mpaka chumba cha Bibi Mei, CD ikiwa ndani ya mkoba wake. Nilidhani naenda kuomba radhi. Alivuta pumzi kizingitini kama kawaida. Halafu akafanya kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya kazini: alikaa. Alikaa ukingoni mwa kitanda cha Bibi Mei, akiwa na sare yake, akamwuliza kwa Kiingereza chake cha kazini, “Huyu dada, wimbo huu ni wake? Aliutunga yeye?”

Bibi Mei akatikisa kichwa. “Hapana, hapana. Wimbo wa Japani. Yeye akachukua, akaweka maneno ya Kichina.” Akaanza kuhesabu kwa vidole: huu wa Japani, huu wa kisiwani, huu Waingereza, huu watu wa mlimani wasiojulikana. Yule mwanamke alichukua nyimbo za watu, na zikitoka mdomoni mwake watu walisahau zilikuwa za nani. Bibi Mei akasema kwamba alipokuwa kijana haikuwa vizuri kuonekana unasikiliza sauti laini kama ile, kwa hiyo yeye na dada zake waliisikiliza chini ya blanketi, redio imebanwa shavuni, sauti chini kabisa. “Sasa waimbaji wote China wanaimba kama yeye,” akasema. “Hata wasiojua.”

“Na huyo wa Japani?” mama akauliza. “Naye aliutoa wapi?”

Bibi Mei akafungua viganja.

Nje theluji ilikuwa ikianguka tena, bila sauti, na chumba chote kilikuwa cheupe na kikali kwa ile dawa. Mama akaanza kusema kwa Kiswahili, akiniangalia mimi kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Alisema kwamba alipokuwa mtoto Wachina walikuja kutengeneza barabara karibu na kwao. Enoki alipata kibarua cha kuponda mawe. Jioni walikuwa na redio yao ya kanda. Enoki akirudi nyumbani alikuwa na vitu viwili: kikopo cha dawa hii, ya kumchua mama yao mgongo, na wimbo mdomoni, bila maneno, anaupiga kwa mluzi. Maneno yalikuja baadaye, kidogo kidogo.

“Nilikuwa namngoja pale njiani,” mama akasema. “Nilikuwa namsikia kabla sijamwona. Nikafikiri anautunga akiwa anatembea.”

Wewe ulikuwa na miaka mingapi, nikamuuliza. Akasema tisa, au kumi.

Bibi Mei hakuelewa hata neno, lakini alinyoosha mkono akamwonyesha mama kwa kidole kile kile alichonionya nacho mimi. “Imba,” akasema. “Yako.”

Mama akaimba. Mlango ulikuwa wazi, msimamizi akapita na toroli la vikombe, akatuona wote watatu na hakutuona. Bibi Mei alisikiliza kichwa kikiwa upande, midomo ikitembea na maneno mengine. Wimbo ulipoisha akasema, “Nzuri. Lakini polepole sana.”

“Tuliimba tukiwa na mizigo kichwani,” mama akamjibu. “Ukiimba mbiombio pumzi inakwisha.”

Siku hizi nimemtafuta yule mwimbaji kwenye simu. Alishafariki, na si mzee. Nimekuta vijana wa umri wetu wanaimba zile alizoimba yeye, mmoja kwa gitaa chumbani kwake, paka akipita nyuma. Na chini watu wanabishana kwa lugha ambazo sizisomi kuhusu nani mwenye haki. Nilitaka kuandika pale kwamba kuna Mkongo mmoja naye wamemruka. Niliandika, nikafuta. Kitabu chetu cha nyimbo za kanisani chenyewe kimejaa sauti za Wazungu waliokufa, na sijawahi kusikia Papa Simeoni akiwaita mashahidi.

Lakini wakati ule, Jumapili iliyofuata, mazoezi yalipokwisha, Papa Simeoni alikuja na karatasi na kalamu. Kwaya nzima ilijifanya inakunja majoho. Mama alikuwa ameshamwambia yote, barabara, kanda, Japani, hakuficha hata moja, na nilishangaa kwamba mtu anaweza kwenda mwenyewe kutoa ushahidi dhidi ya ndugu yake.

“Mama Shukuru,” akasema, na alikuwa mpole kweli, “maneno ni ya Enoki, hilo hakuna anayekataa. Lakini wimbo si wake. Na umesema si wa huyo dada wa Kichina pia, na huyo wa Japani labda alimsikia mwingine. Wamekuwa wengi. Karatasi yenyewe ni ndogo. Niandike nani?”

Mama alikuwa akinifunga zipu ya koti. Aliifikisha mpaka juu, akanivalisha kofia, ndipo akamgeukia. Sauti haikupanda.

“Andika Enoki,” akasema. “Hao wengine wako na dada zao wa kuwasemea.”